Adabu ya Mafarisi Yatolewa kwa Nani?

Mwenye nguvu ana wajibu gani juu ya asiye na nguvu? Na je, adabu njema ni deni la kila mwanadamu, au ni tunu wanayopeana wale walio sawa kwa cheo na nasaba? Maswali haya twayaleta leo kwa njia ambayo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaiona ngeni, nayo ni hadithi za kale za Wazungu juu ya mashujaa wapanda farasi. Vijana wetu wazisoma shuleni na kuzitazama katika filamu, na wengi hutoka na picha ya mtu aliyevaa chuma mwili mzima akimwokoa bibi mzuri ngomeni. Sisi twaona mna jambo kubwa kuliko hilo, na mna ila kubwa pia, na ila yenyewe si ya Wazungu peke yao.

Twawaita watu hao mafarisi, kwani faris kwa Kiarabu ni mpanda farasi, na jina lao la Kifaransa lina maana iyo hiyo. Kwetu neno farisi limebaki na maana ya mtu hodari wa kazi yake, awe seremala au mwalimu, hata kama hajapata kumgusa farasi. Lakini kule Ufaransa katika karne ya 12 farasi ndiye aliyekuwa kila kitu. Farasi wa vita, deraya, upanga na watumishi vilitaka mali ambayo mkulima hakuweza hata kuiota. Kwa hivyo ufarisi ulianza kuwa kazi ya vita ya wenye uwezo, kisha ukawa cheo cha kurithi. Makasisi na watungaji walilikuta tabaka hili lina silaha na lina ujeuri, wakajaribu kuutia ujeuri wake hatamu: kutimiza ahadi, ukarimu, kumhurumia adui aliyesalimu amri, kuwalinda wajane na mayatima.

Chrétien de Troyes, aliyetunga baina ya mwaka 1160 na 1190 hivi, ana kisa cha Lancelot kumtafuta malkia aliyetekwa. Farasi wake amekufa, na njiani akutana na mbilikimo aendeshaye gari la kubebea wezi na wauaji ili watu wawatazame na kuwazomea. Mbilikimo amwambia kuwa akitaka khabari za malkia na apande. Lancelot asita kwa muda wa hatua mbili, kisha apanda. Baadaye avuka daraja ambalo ni upanga mtupu, mikono na miguu yatoka damu, na malkia ampokea kwa uso mkavu. Sababu yake ni zile hatua mbili. (Kuwa Lancelot alimpenda mke wa mfalme wake ni jambo tusilolipitisha, na hatuoni utamu wa mashairi unalitakasaje.) Lakini tazameni alivyoona mtungaji: mtu asiyeogopa upanga aliogopa kuonekana katika kipando cha wanyonge. Kufa kulikuwa kwepesi kwake kuliko kushuka cheo.

Sasa tumtazame Gareth, katika kitabu cha Sir Thomas Malory kilichomalizika mwaka wa 1469 au 1470 na kupigwa chapa na William Caxton mwaka 1485. Kijana asiyejulikana aja kwa Mfalme Arthur, na katika maombi yake matatu la kwanza ni chakula cha mwaka mmoja. Atiwa jikoni, na msimamizi ampa jina la kumfanyia mzaha, Mikono Mizuri. Mwaka ukiisha aomba apewe kazi ya kwenda kumwokoa bibi aliyezingirwa ngomeni. Dada yake bibi huyo, Lynette, amtukana njia nzima: anuka jiko, na asimkaribie wala asile karibu naye. Gareth awashinda mafarisi mmoja baada ya mmoja, na kila akishinda yeye husema ni bahati tu. Kijana havunji adabu. Avumilia mpaka mwanamke mwenyewe aona haya.

Ni kisa kizuri, nasi twakipenda. Walakini kina hila ndani yake. Gareth si mtoto wa jikoni hata kidogo. Ni mwana wa Mfalme Lot wa Orkney, na Arthur ni mjomba wake. Na Lancelot, kabla ya kumpa ufarisi, alimtaka kwanza amtajie jina lake na ukoo wake, naye akamtajia kwa siri. Laiti angalijibu kuwa yeye ni mtoto wa mpishi, na babake alikuwa mpishi, je, mikono ile ile na subira ile ile zingalitosha? Mtungaji hakuthubutu kutuonyesha. Alilitia swali mlangoni, kisha akalifungia nje.

Wenzake walikuwa wawazi zaidi. Andreas Capellanus, mwishoni mwa karne ya 12, aliandika kitabu juu ya mapenzi ya kiungwana, akaeleza kwa urefu namna ya kumsemeza bibi wa daraja kwa unyenyekevu. Alipofika kwa wanawake wa wakulima alisema maneno machache, nayo ni kuwa mtu akiwatamani na atumie nguvu kidogo. Wako wanaosema kitabu chote kiliandikwa kwa mzaha. Hata ikiwa hivyo, mzaha huo waonyesha ni nani waliohesabiwa kuwa na heshima ya kulindwa na ni nani waliosahauliwa.

Ama juu ya adui, hadithi hizi zilikuwa na uadilifu kuliko tunavyodhani. Liko shairi la Kifaransa la karne ya 13 ambamo Sultani Salahuddin amemteka Hugh wa Tiberias na kumtaka amwonyeshe namna mtu afanywavyo farisi. Hugh amwogesha, amvika nguo nyeupe na joho jekundu, amfunga mshipi mweupe na upanga, na kumweleza kuwa upanga ni wa kumzuia tajiri asimdhulumu maskini. Kofi la mwisho la desturi hakulipiga, kwa kuwa yeye ni mateka na haimpasi kumpiga aliyemteka. Hayo ni ya kutungwa. Lililo la tarikhi ni kuwa mwaka 1099 watu wa msalaba walipoingia Baitul-Mukaddas waliua bila ya kubagua, na Salahuddin alipoutwaa mji huo mwaka 1187 aliweka fidia ya dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, na wengi wasio na kitu wakaachiliwa bure. Hilo twalijua sote na twalitaja mimbarini. Tusilolitaja ni kuwa maelfu waliobaki, wasioweza kulipa wala kupata mtu wa kuwaombea, walitiwa utumwani. Murua wa sultani ulikuwa mpana, na bado ulikuwa na mpaka, na mpaka ulipita kwa maskini.

Waarabu wana faris wao, Antara bin Shaddad, mshairi wa zama za kabla ya Uislamu, ambaye kisa chake kirefu kilisimuliwa karne nyingi baada yake. Mamake, Zabiba, alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na babake hakumkubali kuwa mwana mpaka siku kabila liliposhambuliwa na kuhitaji mkono wake. Hapa kisa ni kikweli kuliko cha Gareth, kwa kuwa utumwa wa Antara si vazi la kuvuliwa mwishoni. Lakini wanavyuoni wa akhlaki walikwenda mbali zaidi. Al-Qushayri, aliyefariki mwaka 1072, aliweka katika Risala yake mlango wa futuwa, na humo farasi hatakiwi wala ukoo hauulizwi. Lililo khasa ni mtu kuitanguliza haja ya mwenzake mbele ya haja yake.

Na sisi wa pwani? Twasema muungwana ni kitendo, na ni neno la haki. Lakini neno uungwana lenyewe kwa miaka mingi lilikuwa na maana ya kutokuwa mtumwa wala mtoto wa mtumwa, na maana hiyo haijafa. Yuko kijana msomi, mwenye kusali jamaa, mwenye kazi ya halali, ambaye posa yake hurudishwa kwa sababu mtu fulani mtaani amekumbuka bibi yake alikuwa wa nani. Twajua kuwa madhehebu yetu ya Shafii yametaja nasaba katika kufu. Lakini wenye kusoma fikihi wajua pia kuwa kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi. Haki hiyo haikupewa majirani wala wazee wa baraza, na haikuwekwa ili mtu avunjiwe heshima yake mbele za watu. Sheria ya utumwa ilifutwa katika pwani hii mwaka 1907. Wajukuu na vitukuu wa walioachwa huru siku hizo wangali wakiulizwa, kabla ya jambo lolote jingine, swali lile lile la Lancelot.