Mlango Mpya, Ukuta wa Zamani

Duka lipo Chukwani, linauza saruji, misumari na rangi. Mwenyewe namwita Ami, ingawa hatuna undugu. Alitaka programu ya kuhesabia mali na kuweka madeni ya wateja, maana daftari lake lilikuwa limeshaliwa na unyevu. Mimi nilikwenda kuuza. Kompyuta niliyoikuta ilikuwa ya Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020.

Nikamwambia. Akacheka.

"Mwanangu, hii inawaka kila asubuhi. Mnaosema imekufa ni nyinyi mnaouza."

Hapo aliniweza. Mashine haikuharibika; aliyeondoka ni mtengenezaji. Kwa nini uamuzi uliofanywa Marekani ulipiwe na muuza misumari wa Unguja?

Tumefunzwa tangu chuoni kwamba muuzaji asifiche aibu ya bidhaa yake. Lakini programu yangu ilikuwa nzima. Aibu ilikuwa kwenye kompyuta ya mnunuzi. Je, anayeuza mlango anabeba dhamana ya ukuta ulioliwa na mchwa?

Nilitaka kujijibu hapana. Nikakumbuka Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza na wagonjwa wakafutiwa miadi yao. Dawa ya tundu lile Microsoft ilishaitoa mwezi Machi, lakini mashine nyingi hazikuwa zimeipata. Wagonjwa hawakuulizwa hospitali itumie mfumo gani.

Na majina yatakayoingia kwenye programu yangu si ya Ami. Ni ya fundi mwashi anayedaiwa, na ya mjane anayejenga kidogo kidogo kwa mkopo wa mifuko ya saruji. Daftari bovu lilikuwa na sifa moja: mwizi aliye mbali hakuweza kulifungua. Anayeihamisha siri yao ni mimi. Bila ya mlango wangu, wasingeuegemea ukuta ule.

Ni kweli, nisipouza mimi atauza mwengine, pengine bila kusema neno. Lakini hilo linaeleza soko lilivyo, halinisafishi mikono.

Nikampa sharti: kompyuta ya madeni isiunganishwe na intaneti, na kila jioni nakala iwekwe kwenye flashi isiyotumika kwa kazi nyengine. Akikataa, siuzi.

Ami akanitazama. "Na ningenunua kompyuta mpya kwako, ungepata zaidi?"

"Ndiyo. Zaidi sana."

Akainama, akachomoa modemu mwenyewe.

Nilidhani uaminifu ni kumweleza ubovu wa mashine yake. Hilo nilikuwa nimeshalisema, na hakuniamini. Alichokuwa akikingoja ni nikiri kwamba na mimi nina changu katika hofu yake. Mpaka hapo, onyo langu lilikuwa tangazo tu la biashara.

Siku hizi nikipita pale huchungulia. Modemu bado ipo juu ya rafu, karibu na makopo ya rangi. Kila mara naogopa kuikuta imerudi mahali pake.