Wimbo kando ya kitanda cha mgonjwa
1 Samweli 16:23

Daudi alipopiga kinubi, Sauli alipata nafuu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 373 waliopumua kwa msaada wa mashine: waliosikiliza muziki waliojichagulia wenyewe walipungukiwa na hofu, na dawa za kutuliza zikapungua.

Basi, waimbaji na wapiga filimbi, ombeni ruhusa kwa muuguzi. Mgonjwa ndiye achague wimbo. Imbeni kwa sauti ya chini. Akitaka kimya, kaeni naye kimya. Wala msimwambie aache dawa.

Mwaka 1921 wagonjwa walimfuata Papa Simon Kimbangu kule Nkamba. Leo sisi tuwafuate kitandani, hasa yule asiye na mgeni. Upendo, Amri, Kazi. Amina.