Usizike Talanta Nne

Neno Kuu: 1 Samweli 16:11–18; Mathayo 25:14–30

Hebu fungua 1 Samweli 16:18. Sauli anatafuta mtu wa kumpigia kinubi, na mtumishi wake mmoja anamtaja mwana wa Yese. Hesabu pamoja nami: anajua kupiga kinubi, ni shujaa, ni mpiganaji, anajua kuongea, ana sura nzuri, na Mungu yuko naye. Mambo sita, mtu mmoja. Na yuko wapi huyo mtu? Yuko malishoni!

Nyumbani walimjua kwa kazi moja tu, kuchunga kondoo. Samweli alipokuja kumpaka mfalme mafuta, Daudi hata hakuitwa. Alipofika vitani, kaka yake Eliabu alimuuliza kondoo amemwachia nani (17:28). Eliabu hakusema uongo. Daudi alichunga kweli. Shida ni kwamba alidhani habari ya Daudi imeishia hapo.

Na sisi tunafanyiana hivyo. "Yule ni wa kwaya." "Huyu ni wa kupanga viti." "Huyo ni mtu wa vitabu, mpira wapi!" Watoto wetu wakiingia sekondari pevu wanachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ni sawa, shule lazima ipange masomo. Lakini mzazi, mkondo ni wa masomo, si jina la mtoto. Aliyechagua sayansi asiambiwe aweke gitaa chini.

Mimi nilisomea biashara. Huko tunafundishwa kuipa bidhaa sifa moja ikae akilini mwa mnunuzi. Sabuni ni ya kutoa madoa, basi. Lakini wewe si sabuni! Mungu hakukuumba ukae kwenye rafu.

Shika mambo matatu.

1. Kipawa kimoja hulisha kingine. Ujasiri wa kumkabili Goliathi Daudi aliupata malishoni, kwa simba na dubu (17:34–37). Na Zaburi ya 23 imejaa mambo ya kondoo. Mchungaji asiyeimba asingeitunga. Mwimbaji asiyejua kondoo pia asingeweza.

2. Tutatoa hesabu ya vyote. Yule aliyepewa talanta tano alizifanyia biashara zote tano. Hakuzika nne ili afanane na mwenye moja. Dada, unajua kushona, unapenda hesabu, na una mzigo wa kuombea wagonjwa. Ni kipi umekizika kwa sababu watu watasema, "Kwani anajifanya nani?"

3. Kazi nyingi, moyo mmoja. Mtu ataniambia, "Pasta, mshika mawili moja humponyoka." Ni kweli, ukiyashika yote saa moja. Mbele ya Sauli Daudi alishika kinubi. Mbele ya Goliathi alishika kombeo. Kila kitu na saa yake. Tena si wote tumepewa tano; mwenye mbili alisifiwa sawa na mwenye tano. Ndiyo maana katika Zaburi 86:11 Daudi anaomba moyo usiogawanyika. Katika yale mambo sita, la mwisho ndilo lililoshikilia mengine: Mungu alikuwa naye. Likitoka hilo, vipawa vingi vinakuwa fujo tu.

Wiki hii fanya mawili. Andika kwenye karatasi kila kitu ambacho Mungu amekupa mkono au hamu nacho. Tia alama kile kilicholala, ukitafutie saa moja kabla ya Jumapili. Halafu mtafute mtu mmoja hapa kanisani unayemjua kwa kazi moja tu, umuulize, "Na nini kingine unapenda kufanya?" Huenda umekaa kiti kimoja na Daudi miaka yote hii, na wewe unaona kondoo tu.

Tuombe: Baba, asante kwa vyote ulivyoweka ndani yetu. Tufukulie tulivyozika. Utupe moyo mmoja wa kukutumikia kwa vyote, na macho ya kuwaona ndugu zetu vile unavyowaona wewe. Katika jina la Yesu, Amina.