Shule ya Watoto wa Dini Zote

Ukitoka mjini Songea kwa barabara ya Mbinga, hukawii kufika Peramiho, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni mwaka 1898. Kanisa la abasia, hospitali, karakana, kiwanda cha uchapaji na shule, vyote vilitoka kwenye mikono ya watawa hao. Ukishika barabara ya mashariki kupitia Namtumbo hadi Tunduru, misikiti inazidi kuonekana vijijini, na watoto wanaokwenda madrasa wanapishana na wenzao wanaotoka darasani. Ukiteremka hadi Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, unakuta kazi ya Waanglikana wa misheni ya UMCA. Huo ndio Mkoa wa Ruvuma: karibu kila dini ina mahali ambapo waumini wake ni wengi, na mahali pengine ambapo wao ndio wachache.

Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Wapo wacha Mungu wanaoyasikia maneno hayo kwa mashaka, kana kwamba nchi imemfungia Mungu mlango. Lakini Mkatoliki aliyezoea kengele za Peramiho akihamishiwa kazi Tunduru, na Mwislamu wa Tunduru akimpeleka binti yake shule ya bweni Songea, wote wawili wanategemea kitu kimoja: kwamba mwalimu mkuu wa shule ya umma, polisi na hakimu hawatawauliza wanasali wapi kabla ya kuwapa haki yao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Ruvuma ya wakoloni, kalamu na ubatizo viliingia kwa mlango mmoja. Misheni ndiyo iliyojenga madarasa na kuajiri walimu, na serikali ya mkoloni ikapata makarani bila kugharimika sana. Mzazi Mwislamu alikuwa na chaguo chungu: ampeleke mtoto kwenye shule ya padri na kuhofia kumpoteza kiimani, au abaki naye nyumbani na kumkosesha elimu. Wengi walibaki nao. Pengo la elimu kati ya Waislamu na Wakristo, ambalo hadi leo linazungumzwa kwa uchungu katika nchi hii, lilichimbwa na hofu hiyo, wala si uvivu wa mtu.

Songea ina kumbukumbu nzito zaidi ya mchanganyiko wa dola na dini. Septemba 1905, katika Vita vya Majimaji, misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Wapiganaji wa Kingoni waliiona kama sehemu ya utawala uleule uliowatoza kodi na kuwafanyisha kazi kwa nguvu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi na wapiganaji mjini hapa, na siku chache baadaye akanyongwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Padri wa misheni aliwabatiza baadhi yao kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi. Huenda padri yule aliamini kwa moyo wote kwamba anaokoa roho. Lakini tendo la imani lililofanyika chini ya bunduki ya serikali, mbele ya mtu asiye na pa kukimbilia, lina uhuru gani ndani yake? Anayetembelea Makumbusho ya Majimaji na kusimama kwenye kaburi la pamoja hawezi kulikwepa swali hilo.

Desemba 1905, wakati kusini mwa Tanganyika kukiwaka, Ufaransa ilipitisha sheria ya kutenganisha kanisa na dola. Wafaransa waliifuata njia hiyo hadi mbali: mwaka 2004 waliwakataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za dini zinazojitokeza wazi, na hijabu ikawa imeachwa nje ya geti. Tanzania ilikwenda njia yake. Katika shule zetu za umma binti wa Kiislamu anavaa hijabu yake juu ya sare, ratiba ina vipindi vya dini, na Baraza la Mitihani linatahini Maarifa ya Biblia pamoja na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Serikali haina dini, ila mwanafunzi anaruhusiwa kuwa nayo. Njia hii ni bora kuliko ya Ufaransa, na inafaa kutetewa bila kuona haya.

Aliyeichora kwa sehemu kubwa ni Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa. Mwaka 1955 alikuwa akifundisha Pugu, shule ya wamisionari, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa za TANU. Akaacha kazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitaifisha shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku, kanisa lake mwenyewe lilikuwa miongoni mwa waliopoteza zaidi. Mtoto wa Tunduru akaanza kupangiwa shule iliyokuwa ya misheni bila kubadili jina wala kibla, na mtoto wa Mbinga akalala bweni moja na mtoto wa Kilwa. Taifa hili lilishonwa mabwenini.

Sindano haikufika kila mahali. Mkataba wa maelewano wa mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu shule na hospitali umekuwa ukilalamikiwa na Waislamu wengi kwa miaka yote hii, na malalamiko yao yanastahili jibu la takwimu na uwazi, si kukaripiwa kwamba wanaleta udini.

Uhuru wa kusema ndio mtihani mgumu zaidi. Machi 2000, mjini Morogoro, Hamisi Rajabu Dibagula alisema katika mkutano wa kidini wa hadhara kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Alishtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu maneno yenye nia ya kuumiza hisia za kidini, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia hiyo. Maneno yaliyomtia gerezani ni itikadi ya kila Mwislamu duniani! Kama kuyatamka ni kosa, basi na mchungaji anayesimama kwenye uwanja wa mpira Songea na kuhubiri kwamba hakuna wokovu nje ya Yesu naye afungwe. Dini hizi mbili zinapingana katika jambo hilo tangu zilipokutana, na hakuna hakimu atakayezipatanisha. Sheria imlinde mtu dhidi ya kutukanwa, kutishwa na kupigwa. Itikadi iachiwe wenyewe waitetee kwa hoja.

Oktoba 2012 tuliona kinachotokea hoja inapokosa nafasi. Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili ulimfanya mmoja aukojolee msahafu. Umati ukamtaka mtoto huyo kutoka mikononi mwa polisi, na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Kosa la mtoto likabebeshwa jamii nzima ya waumini ambao hawakumjua hata kwa jina.

Wala dola yenyewe haiko salama na kishawishi cha kunyamazisha badala ya kujibu hoja. Mwaka 2018 maaskofu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, walitoa waraka wa Pasaka uliogusia uhuru wa raia na Katiba mpya. Ikafuata barua ya Msajili wa Jumuiya kuwataka waufute, kabla waziri mwenye dhamana hajaikana barua hiyo. Katiba inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Ni ajabu kuyasahau maneno hayo pale askofu au sheikh anapokosoa.

Ruvuma inaweza kuanza na jambo dogo lililo ndani ya uwezo wake. Kamati na bodi za shule za umma, kuanzia Mbinga hadi Tunduru, ziulize kwenye kikao kijacho: kipindi cha dini kikifika, watoto wa dini yenye waumini wachache hapa wanakwenda wapi na nani anawafundisha? Sala ya asubuhi mstarini inawahusisha wote, au wengine wanasimama tu wakiangalia chini? Mtihani wa majaribio ukipangwa Jumamosi, Msabato amefikiriwa? Jikoni wakati wa Ramadhani pakoje? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Na Bunge lirudi kwenye kifungu cha 129 na kukiandika upya, kimlinde mwenye imani bila kumfunga anayetangaza imani yake.