Ni ya Ukweli ama ni Wakora?

Mama Kevo alinipigia saa tatu usiku. Saratani ya mapafu ya mjomba wangu, mumewe, ilikuwa imefika kwenye ini, na kliniki moja ya ng'ambo ilikuwa imewatumia bei: shilingi milioni 4 kwa tiba ya seli za kinga. Ploti yao ya Kitengela ilikuwa imeshapata mnunuzi. "Wewe umesomea mambo ya maabara," akasema. "Niambie tu. Hii kitu ni ya ukweli ama ni wakora?"

Ingekuwa ni wale waganga wa mabango kwenye nguzo za stima, ningejibu haraka. Lakini tiba yenyewe ipo. Seli T, askari wa kinga, hutolewa mwilini, huzalishwa maabarani mpaka zifike mabilioni, kisha hurudishwa kwa dripu. Tangu 2017 Marekani imeidhinisha seli kama hizo, zilizobadilishwa jeni, kwa baadhi ya saratani za damu, na wako watu waliokuwa wameshaagwa ambao leo wanatembea. Februari 2024 ikaidhinisha nyingine, ya seli zinazotolewa ndani ya uvimbe wenyewe, kwa melanoma iliyosambaa, ambayo ni saratani ya ngozi. Mapafu bado yako kwenye majaribio. Uvimbe wake hujenga mazingira yanayowachosha askari hao, na alama nyingi wanazotumia kuutambua ziko pia kwenye seli zenye afya. Ukiwaelekeza vibaya wanamshambulia mwenye nyumba. Hata dawa ambazo tayari zinasaidia wagonjwa wa mapafu, kama pembrolizumab, si seli: zinaondoa breki kwenye kinga uliyo nayo. (Kliniki ile ilivichanganya vyote kwenye brosha moja. Makusudi, nadhani.)

Haya yote niliyajua saa tatu usiku. Nikamwambia, "Wacha nisome kidogo." Kisha nikatuma 5,000 kwa M-Pesa, na kwenye grupu ya familia watu wakaniwekea mikono ya maombi. Mchango wangu ukachukuliwa kuwa ndilo jibu.

Nilijitetea: mimi ni nani nimnyime mtu matumaini? Inasikika kama upole. Lakini Mama Kevo hakuniomba matumaini. Hayo alikuwa nayo tele, ameuziwa. Aliniomba habari, na katika ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa nayo. Kunyamaza kulinilinda mimi: mjomba akifa bila kwenda, nisiwe yule aliyesema asiende.

Kwenye jaribio la kweli unaambiwa wazi kwamba huenda isifanye kazi, unatia sahihi, kwa kawaida hulipishwi kile kinachojaribiwa, na matokeo yako, hata ukifa, yanaandikwa yamsaidie atakayefuata. Mjomba angekuwa panya wa maabara anayejinunulia kizimba, na hakuna anayeandika chochote.

Bado kuna swali linalonisumbua. Angekuwa bilionea, ningemzuia? Nadhani ningesema ajaribu tu. Basi huenda nilichokuwa nikipima si ukweli wa tiba bali karo ya Kevo, na hiyo si juu yangu kupima. Wala si juu ya Mama Kevo peke yake. Wiki nzima tulimjadili mtu aliyekuwa chumba cha pili akisikiliza redio.

Jumapili nilienda nikamweleza yeye mwenyewe, yote, hata ile ya breki. Alisikiliza akikohoa kwenye kitambaa. "Kwa hivyo hizo seli ni zangu," akasema, "halafu naziuziwa?" Tukacheka kidogo. Kisha akaniuliza mbona sikusema siku ile nilipopigiwa simu.

Malipo ya kwanza yalikuwa yametumwa Ijumaa.