Kivuli cha Mwamba

Somo: Ayubu 28, Mathayo 13:44



Katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, mashariki ya mji wa Phoenix, iko milima mikavu iitwayo Superstition, maana yake ushirikina. Ndani yake imesimama nguzo ya mwamba iliyochongoka, yenye kimo cha kama mita 300 kutoka chini yake. Jina lake ni Weavers Needle, yaani Sindano ya Weaver. Kwa ajili ya mwamba huo watu wengi wameacha nyumba zao, na baadhi yao hawakurudi.

Chanzo chake ni mzee mmoja, Jacob Waltz, mzaliwa wa Ujerumani. Wamarekani walimwita kwa neno lililo ndugu wa neno la wazee wetu: Mdachi. Mwaka 1891 mafuriko ya mto Salt yaliharibu shamba lake, akaugua, na tarehe 25 Oktoba mwaka ule ule akafariki mjini Phoenix, nyumbani kwa mama Julia Thomas aliyemwuguza. Ikavuma habari kwamba kabla ya kufa alieleza mahali ulipo mgodi wake wa dhahabu. Mwaka 1892 Julia Thomas alitumia mali yake kuutafuta. Akarudi mikono mitupu.

Tangu hapo ile Sindano ikawa ndiyo alama. Wako wasemao kuwa mgodi uko pale kivuli chake kiangukiapo saa kumi alasiri. Lakini tufikiri kidogo. Mwezi wa Juni, saa kumi, jua huko lingali juu, na kivuli ni kifupi, chaelekea mashariki. Mwezi wa Desemba, saa ile ile, jua limeinama upande wa kusini-magharibi, na kivuli ni kirefu, chaelekea kaskazini-mashariki. Basi afuataye kivuli aweza kuchimba po pote apendapo, na kila mahali aweza kusema, "Ni hapa."

Mwamba wenyewe hauna hatia. Wataalamu watuambia kuwa milima ile ilitokana na volkano, mamilioni ya miaka iliyopita. Majivu ya moto yakashikamana yakawa mawe, kisha mvua na upepo vikala sehemu zilizo laini, iliyo ngumu ikabaki imesimama. Umbo lake latusimulia habari za moto na mvua. Juu ya dhahabu halisemi neno.

Mwaka 1931 mzee Adolph Ruth alitoka Washington na ramani zake, akaingia milimani mwezi wa Juni, wakati wa joto kali. Desemba lilionekana fuvu la kichwa chake. Mwaka 2010, mwezi wa Julai, watu watatu walikwenda kuutafuta mgodi huo huo wakafa, ingawa eneo hilo lilikwisha kufungwa kwa uchimbaji mpya tangu mwanzo wa 1984. Na ajabu ni hii: mwaka ule ule 1892 dhahabu ya kweli ilichimbwa Goldfield, chini ya milima hiyo, upande wa magharibi. Waliipata watu waliopasua mawe na kuyapima, si waliongoja kivuli.

Ndugu zangu, tusiwacheke. Hapa kwetu Tanzania nani hajasikia habari za mali ya Mjerumani? Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Kweli hiyo moja imezaa hadithi mia. Jiwe lenye mkwaruzo kama mshale laitwa ramani. Mwamba wenye sura ya mtu waitwa mlinzi. Halafu huja mgeni mwenye chombo cha kupimia, naye ataka fedha kwanza. Ng'ombe huuzwa, ada ya shule huliwa, na mama wa nyumbani haulizwi.

Kitabu cha Ayubu hakimdharau mchimbaji. Sura ya 28 yamsifu jinsi anavyoning'inia gizani mbali na watu, na kufungua njia ambayo hata jicho la tai halijaiona. Kisha yauliza hekima yapatikana wapi, maana haimo shimoni wala hainunuliwi kwa dhahabu. Jibu lake ni kumcha Mungu na kujitenga na uovu.

Naye Bwana wetu alisema habari za hazina iliyofichwa shambani. Tuangalie vema utaratibu wa mfano huo. Yule mtu kwanza aliiona hazina. Kisha, kwa furaha yake, akauza alivyo navyo. Hakuuza kwanza ndipo akatafute. Wafuasi wa kivuli wamegeuza mambo: wameuza kilichoonekana wapate kisichoonwa na mtu. Wengine huiita hiyo imani. La, ndugu zangu. Imani ni kumtegemea Yeye aliyekwisha kujidhihirisha kwetu, wala si kulilazimisha jiwe liseme tunayoyataka.

Basi ye yote anayeitwa leo aende kuchimba penye jiwe la ajabu, na aulize: Ni nani aliyeiona mali hiyo kwa macho yake? Na nikikosa, ni nani nyumbani kwangu atakayelala njaa? Swali la kwanza likikosa jibu, na la pili likijibiwa kwa majina ya watoto wake, basi arudi nyumbani. Hazina aliyokwisha kupewa inamngoja huko.

Bwana atujalie macho ya kuiona, na mikono ya kuitunza. Amina.