Usigawe Ufunguo kwa Kutafuta Kilomita

Sogea hapa, mjukuu wangu, unisikilize. Najua unavyolipenda gari lako la umeme. Kila jioni unachungulia simu kuona chaji imebaki asilimia ngapi, na sikulaumu. Lakini simu hiyo hiyo inafungua milango, inawasha kiyoyozi, inaonyesha gari limelala wapi. Akaunti yako ndiyo ufunguo, mwanangu. Mbona unaigawa?

Februari 2016, Mwaustralia mmoja, Troy Hunt, aliwasha kiyoyozi cha Nissan Leaf ya mwenzake Scott Helme. Hunt alikuwa Australia, gari lilikuwa Uingereza. Hakuiba nywila, kwa sababu hapakuwa na nywila ya kuiba: mtambo uliopokea amri za programu ya simu ya gari lile uliridhika na namba ya chasi tu, namba inayosomeka kwenye kioo cha mbele na kila mpita njia. Aliziona hata safari ambazo gari lilikuwa limekwenda. Nissan ikalazimika kuizima huduma ile.

Sasa fikiri. Leaf za wakati ule zilikuwa na betri ya kWh 24 au 30. Mtu asiyekujua angeweza kukuwashia kiyoyozi usiku ukiwa umelala, asubuhi ukakuta chaji imepungua na hospitali iko mbali. Aliyeshika akaunti yako ameshika umeme wako. Nakuomba ulikumbuke hilo.

Utaniambia hayo ya zamani. Haya, Januari 2022, kijana wa Kijerumani wa miaka 19, David Colombo, alieleza jinsi alivyofikia Tesla zaidi ya 25 katika nchi 13. Angeweza kufungua milango na madirisha, kuwasha taa, kuzima ulinzi. Tesla yenyewe hakuivunja. Wenye magari walikuwa wamejiwekea programu ya pembeni, TeslaMate, ya kuwahesabia safari, chaji na matumizi ya umeme. Ndani yake zilihifadhiwa funguo za siri za kidijitali za kuingilia kwenye akaunti zao, na baadhi yao waliiacha wazi kwenye intaneti.

Unaona walichokuwa wakikitafuta? Takwimu za kilomita. Ndilo linalonikosesha raha juu yako, maana kila wiki unapakua programu mpya inayokuahidi safari ndefu zaidi. Mpima kisima hujua urefu wa kamba, mwanangu. Programu inayokupimia safari usiipe nywila yako. Nakusihi, usiipe.

Kilomita hukaa kwenye unyayo. Ukitoka mwendo wa 80 kwa saa ukafika 110, nguvu ya kupambana na upepo inakaribia mara mbili, na hakuna programu itakayokurudishia umeme huo. Punguza mwendo. Jaza upepo wa matairi inavyotakiwa. Poza gari likiwa bado kwenye chaji, ili ubaridi ule usitoke kwenye betri. Achia mafuta mapema (najua halina mafuta, unanielewa) ili mota irudishe umeme kabla hujagusa breki. Haya yote ni bure, na hayadai jina lako wala siri yako.

Ukiwa kwenye kituo cha kuchajia, usikubali kila Wi-Fi inayokuita. Mwaka 2024 watafiti walionyesha jinsi mtandao bandia uliopewa jina la ule wa Tesla ungeweza kumfanya mwenye gari aandike nywila yake na hata namba ya uthibitisho, kisha mwizi akaisajili simu yake kama ufunguo. Tumia bando lako. Na nywila ya gari isiwe ile ya barua pepe wala ya mitandao ya kijamii. Nywila ya milango miwili haifungi hata mmoja.

Ukinunua gari lililotumika, usimalizie fedha kabla mwenye kuuza hajaitoa akaunti yake mbele ya macho yako. Ukiuza wewe, toa yako. Kuna watu wameuza gari na bado wanaliona linakoegeshwa. Na aliyelinunua ni mtoto wa watu.

Leo usiku, kabla hujalala, fungua akaunti utazame ni simu zipi na programu zipi zimeruhusiwa. Usiyoifahamu, ifute. Badilisha nywila, weka uthibitisho wa hatua mbili kama upo. Ukikwama, nipigie, hata kama ni saa nane usiku.